Mjomba Alipotaka Kuliona Duka la Bangi

Mjomba alikuwa hajamaliza hata siku tatu kwangu alipouliza swali lake. Ilikuwa Mei 2025, asubuhi ya jua, tuko jikoni tunakunywa chai. Majani alikuwa amekuja nayo mwenyewe kutoka nyumbani, pakiti nne, kwa sababu chai ya vifuko haimpandi. Akaweka kikombe chini, akafuta mdomo kwa leso. "Mama," akasema, maana nimerithi jina la mama yake na hajawahi kuniita vingine, "lile duka wanalouza bangi mchana kweupe liko upande gani wa hapa?"

Sikumjibu mara moja. Huyu ni mzee aliyefanya kazi ya ukarani mahakamani kwa miaka 31, kwetu chini ya Mlima Meru. Pombe hanywi, sigara havuti. Majina ya vijana waliokamatwa na misokoto ameyaandika kwenye rejista kwa mkono wake, mwaka baada ya mwaka, hadi alipostaafu. Mimi nami huu ni mwaka wangu wa tisa Uholanzi, kazi yangu ni kuhudumia wazee, na nilikuwa sijatia mguu kwenye duka la namna hiyo hata siku moja. Katika familia yetu neno bangi halitajwi. Limeacha kutajwa tangu 2004, na sababu yake nitaisema.

"Unataka kuliona kwa nini, mjomba?"

"Nilione tu kwa macho yangu. Hicho kitu nimekiandika sana."

Naishi Baarle-Nassau, kijiji cha watu kama 7,000 kusini mwa Uholanzi, mkoa wa Noord-Brabant. Ukikitazama kwenye ramani utadhani ni nguo iliyoshonwa viraka. Ndani ya eneo letu mna vipande 22 vya ardhi ya Ubelgiji, na ndani ya baadhi ya vipande hivyo mna vipande vingine vidogo vilivyorudi kuwa Uholanzi. Chimbuko lake ni mapatano ya mwaka 1198 kati ya Duke wa Brabant na Bwana wa Breda, waliogawana mashamba na watu wake, na mgawanyo ule haukufutwa tena. Upande wa Wabelgiji unaitwa Baarle-Hertog. Una meya wake, ofisi zake na sheria zake. Mpaka umechorwa chini kwa misalaba myeupe, herufi NL upande huu na B upande ule, na unakatiza barabara, vijia vya miguu, hata majengo. Nyumba iliyokatwa na mpaka huhesabiwa kuwa ya nchi ile ambako mlango wake wa mbele umefungukia. Kuna moja ambayo mpaka unapita katikati ya mlango wenyewe, kwa hiyo ina namba mbili, moja ya kila nchi.

Mjomba aliyapenda mambo haya kuliko kitu chochote nilichomwonyesha. Siku mbili za kwanza alizunguka kijiji mikono iko nyuma, anafuata misalaba. Aliporudi alikuja na maswali ya karani: mtu akisimama huku akampiga ngumi mwenzake aliye kule, jalada linafunguliwa wapi? Nikamwambia hapa polisi wa nchi zote mbili wanafanya kazi pamoja. Akaguna, hakuridhika.

Basi nikatoka kumuuliza jirani yangu, Mholanzi wa makamo, aliyekuwa anapunguza ua wake kwa mashine. Nilikuwa nimejiandaa kuona haya. Nikaanza na hali ya hewa, nikapita kwenye avokado zake zilizokufa kwa baridi, ndipo nikauliza. Akazima mashine, akanielekeza kama mtu anayeelekeza duka la mikate. Hapa kijijini halipo. Upande wa Ubelgiji usihangaike kulitafuta. Nenda Breda au Tilburg, kote ni kilomita ishirini na kitu, basi linapita. Kisha akaniuliza kama natafuta kwa ajili ya maumivu, kwa sababu kama ni maumivu ni heri nianze kwa daktari: tangu 2003 famasi zinatoa bangi ya dawa kwa cheti. Nikamwambia hapana, ni mjomba wangu anataka kuona. "Mpeleke," akasema, na kuwasha mashine yake tena.

Hakushusha sauti hata mara moja. Nilibaki nimesimama pale muda kidogo, nikiwa na jambo kifuani ambalo sikulipatia jina haraka. Si kwamba nilishangaa. Miaka tisa si haba. Ni kwamba kwetu swali lile lile, likiulizwa kwa sauti ile ile juu ya ua, lingemfuata mtu hadi kituoni.

Duka lenyewe linaitwa kofishopu. Mgeni huchanganyikiwa, maana ukitaka kahawa na keki hutafuti kofishopu, unatafuta mkahawa. Linalotajwa sana kuwa la kwanza lilifunguliwa Amsterdam mwaka 1972, likaitwa Mellow Yellow, na lilifungwa mwanzoni mwa 2017 kwa sababu lilikuwa karibu mno na shule kwa mujibu wa kanuni mpya za umbali. Leo nchi nzima ina jumla ya maduka kama 570, na karibu theluthi moja yako Amsterdam peke yake.

Nilipomwambia mjomba kwamba hata huko Breda bangi si halali hasa, alinitazama kama shahidi aliyebadilisha maelezo kizimbani. Ikabidi nimweleze, na katika kumweleza ndipo nilipoelewa mwenyewe.

Sheria ya dawa za kulevya ya Uholanzi ni ya mwaka 1919, na bangi imo ndani yake hadi leo. Kilichotokea ni mabadiliko ya 1976. Heroini ilikuwa imeingia Amsterdam mwanzoni mwa miaka ya sabini na inaua vijana. Serikali ilikuwa imeshaunda tume, na ile iliyoongozwa na Pieter Baan, daktari wa magonjwa ya akili, ilitoa ripoti yake mwaka 1972. Hoja yao ilikuwa kwamba dawa hazina hatari sawa, na kwamba kijana anayenunua bangi kwa muuza heroini ipo siku atapewa heroini. Basi wakatenganisha orodha mbili, ya dawa kali na ya dawa nyepesi, na wakaamua kuyatenga masoko yenyewe. Bangi ikabaki kosa kwenye kitabu, ila waendesha mashtaka wakaelekezwa wasimfuate mtu mzima mwenye kiasi kidogo cha kwake, wala duka linalofuata masharti.

Jambo hili kwa Kiholanzi linaitwa *gedogen*. Huku Brabant herufi g hutamkwa laini, inakaribia gh yetu ya ghali na ghala, kwa hiyo mjomba alilipata neno siku hiyo hiyo: ghedoghen. Alilirudia mara kadhaa. Sisi tunasema kufumbia macho, kunyamazia, kuvumilia, lakini hakuna linalokaa sawasawa, maana sisi tukilifumbia macho jambo hatuandiki masharti yake. Wao wameyaandika, na kila kofishopu inayajua kwa moyo. Usijitangaze. Usiuze dawa kali. Usisumbue majirani. Usimpokee aliye chini ya miaka 18. Usimuuzie mtu zaidi ya gramu 5 kwa siku, na ghalani usiweke zaidi ya gramu 500. Pombe hairuhusiwi kabisa. Ukivunja sharti, meya anafunga duka.

"Gramu tano," mjomba akasema. "Ni kiasi gani?"

"Kidogo tu, mjomba."

"Kidogo cha namna gani?"

Sikuwa na jibu. Akanyamaza, na mimi nikadhani yamekwisha.

Sababu ya kijiji chetu kutokuwa na duka ni kwamba uamuzi uko mikononi mwa kila manispaa. Uholanzi ina manispaa 342, na ni kama mia moja tu zilizokubali kuwa na kofishopu. Nyingine zote zimechagua sifuri. Sioni ubaya wake; watu wa mahali wana haki ya kuamua wanataka nini mtaani kwao. Ila huku mpakani jambo hili lina uzito wake. Roosendaal na Bergen op Zoom, miji miwili ya upande wetu huu wa kusini, ilikuwa na kofishopu, na maelfu ya wateja walikuwa wanavuka kila wiki kutoka Ubelgiji na Ufaransa, magari yamejaa, makelele usiku, madalali wamesimama barabarani kuwavuta wageni. Septemba 2009 miji yote miwili ikazifunga zote kwa mpigo. Mei 2012 serikali ikaja na kadi ya uanachama kwa mikoa mitatu ya kusini, Zeeland, Noord-Brabant na Limburg: huna kadi, huingii. Wenyeji wengi walikataa kuandikwa jina, wakahamia kwa wauzaji wa vichochoroni, na mtaa ukawa mbaya kuliko mwanzo. Haikufika hata mwaka, kadi ikafutwa. Kilichobaki kuanzia Januari 2013 ni sharti la ukaazi: duka ni la wakaazi wa Uholanzi, na kila manispaa inaamua italikazia kiasi gani. Amsterdam haijalikazia. Huku kusini wengi wanalikazia.

Nilipaswa kulitafakari hilo kabla ya kupanda basi na mjomba.

Sasa niseme lile la 2004. Kaka yangu alikuwa na miaka 19, amemaliza kidato cha sita, anangoja matokeo. Walimkuta na misokoto minne kwenye mfuko wa shati, imefungwa kwa karatasi ya daftari. Alikuwa peke yake, amekaa kwenye jiwe nyuma ya uwanja wa mpira. Hakuwa na mteja wala shamba. Kesi ikapelekwa kwenye mahakama ile ile aliyokuwa anafanya kazi mjomba, na aliyeandika namba ya kesi na jina la mtuhumiwa ni mjomba. Hakuwa na la kufanya. Karani si hakimu. Hukumu ilikuwa miaka mitatu au faini, na faini ile baba hakuipata, japo aliuza ng'ombe mmoja na kukopa kwa watu wawili. Kaka alitoka baada ya miaka miwili. Matokeo yake ya mtihani yalikuwa mazuri. Nafasi ya chuo ilikuwa imeshakwenda kwa mwingine. Sasa analima karoti na viazi, ana mke mwema na watoto watatu, na sijamwona ameshika kitabu tangu wakati ule. Baba alikufa hajazungumza na mjomba vizuri.

Sisemi bangi haina madhara. Nafanya kazi ya kuhudumia watu, nimeona vijana walioharibikiwa akili, na ninajua kwamba bangi ya siku hizi ina nguvu kuliko ile ya zamani. Ningekuwa na mtoto wa miaka 16 ningemkataza kwa nguvu zangu zote. Ninachosema ni kwamba mtu aliyekaa peke yake juu ya jiwe na misokoto minne si sawa na mtu mwenye gunia, na nchi inayoshindwa kuwatofautisha inapoteza watoto wake. Uholanzi ilikaa chini mwaka 1976 ikawatofautisha. Kwa hilo naiheshimu, pamoja na kasoro zake zote.

Basi la Breda linapita Chaam na Ulvenhout, kati ya mashamba na safu za miti. Mjomba alikaa dirishani amevaa koti lake la mahakamani, lile la kijivu, na tai. Nilimwambia tai si lazima. Akasema anakwenda mahali ambapo hajawahi kwenda.

Kutoka stesheni ya Breda unaingia mjini kwa kupita bustani ya Valkenberg. Humo kuna kuku wanaozurura huru, majogoo na matetea, wanapita miguuni mwa watu wanaosoma magazeti kwenye mabenchi. Mjomba alisimama kabisa. "Hawa ni wa nani?" Wa mji, nikamwambia. "Na hakuna anayewachinja?" Hakuna. Alikaa akawatazama dakika kumi nzima, na nadhani kwa dakika hizo alisahau kilichotuleta.

Duka hatukuliona kwa urahisi. Mjomba alikuwa anatafuta bango lenye jani. Nikamkumbusha sharti la kwanza, kutojitangaza. Mbele palikuwa na jina tu, dirisha ambalo huoni ndani, na kijana mmoja mrefu mlangoni amevaa fulana nyeusi. Tukamsalimu. Akataka kitambulisho. Mimi nikatoa kadi yangu ya ukaazi na karatasi ya uandikishaji kutoka manispaa, niliyokuwa nimeichukua kwa kazi nyingine. Mjomba akatoa pasipoti yake kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akipeleka majalada mezani kwa hakimu. Kijana akaifungua, akaiona viza, akaifunga taratibu. Samahani sana, akasema kwa Kiingereza, bwana huyu si mkaazi, siwezi kumruhusu.

Nilihisi uso unawaka. Nikaanza kueleza: hanunui, havuti, ni mzee wa miaka 68, katoka mbali, anataka kutazama dakika mbili. Mjomba akanigusa kiwiko. "Mwache," akasema. "Kanuni imeandikwa, kijana anaifuata. Ingia wewe, utanisimulia." Akamshukuru yule mlinzi, akarudi kwenye bustani kwa kuku.

Kwa hiyo niliyeingia ni mimi.

Nilitarajia giza na moshi. Harufu ilikuwepo, nzito, tamu kidogo, ya majani mabichi yaliyokaushwa, na kwa sekunde moja nikarudi nyuma ya uwanja wa mpira. Ila mahali penyewe palikuwa na mwanga. Kaunta, kijana wa kiume na msichana nyuma yake, na orodha ukutani. Mbele yangu kulikuwa na mama wa Kizungu mwenye mvi, begani kikapu cha sokoni, vitunguu vya majani vimechomoza. Alinunua chake, akauliza habari za mtoto wa yule msichana, akaondoka. Kila kitu kilikuwa kwenye pakiti ndogo zilizofungwa kiwandani, zisizo na mapambo, na lebo: jina la mkulima, uzito, kiwango cha ile kemikali inayolevya. Msichana akaniuliza kama ni mara yangu ya kwanza. Nikasema ndiyo, ila sinunui, nauliza tu. Hakukasirika. Akanieleza kwamba wafanyakazi wote wamesomea kuwashauri wateja juu ya madhara, akanipa kipeperushi, akanionyesha pakiti iliyo tupu.

Ile pakiti ndiyo habari kubwa, na nilikuwa siijui. Kwa karibu miaka hamsini kofishopu za Uholanzi ziliishi na jambo lisiloingia akilini. Mlango wa mbele ulivumiliwa: mteja aliingia, akanunua gramu zake, akatoka kwa amani. Mlango wa uani haukuvumiliwa hata kidogo. Kulima kwa ajili ya duka kulikuwa kosa, kusafirisha kosa, kuliuzia duka kosa. Duka liliruhusiwa kuuza kitu ambacho hakuna aliyeruhusiwa kuliuzia. Kwa hiyo mwenye duka, anayelipa kodi na kuwasomesha wafanyakazi wake, ilibidi usiku apokee mzigo kutoka kwa watu ambao hakuna ajuaye wamelima wapi, wamepulizia dawa gani, na fedha zao zinakwenda kwa nani. Mameya wenyewe ndio waliolalamika zaidi. Meya wa Breda, Paul Depla, alilipigia kelele jambo hilo miaka mingi. Hatimaye ikatungwa sheria ya majaribio, ikaanza kutumika 2020, na manispaa kumi zikachaguliwa: Breda, Tilburg, Almere, Arnhem, Groningen, Heerlen, Maastricht, Nijmegen, Zaanstad na Voorne aan Zee. Wakulima wachache wakapewa leseni, kila gramu inafuatiliwa kutoka shambani hadi kaunta. Breda na Tilburg zilianza kabla ya wengine, tarehe 15 Desemba 2023, na waziri wa afya Ernst Kuipers alifika hapa Breda kuizindua siku ile. Tarehe 7 Aprili 2025, mwezi mmoja tu kabla ya mjomba kufika, ndipo duka katika manispaa hizo lilipolazimika kuuza bangi ya majani kutoka kwa wakulima wenye leseni peke yake.

Yaani jirani yangu aliponielekeza Breda au Tilburg, bila yeye kujali, alinielekeza kwenye miji miwili ya kwanza nchini humu ambako mlango wa uani nao umefunguliwa mchana.

Nilimkuta mjomba kwenye benchi, jogoo mmoja yuko karibu na kiatu chake. Nikamsimulia yote. Nikamtafsiria kipeperushi mstari kwa mstari: usiendeshe gari baada ya kuvuta, usichanganye na pombe, hatari kwa vijana ambao ubongo bado unakua. Alitikisa kichwa kwa kukubali kila mahali. Nilipofika kwenye lebo akanisimamisha.

"Wanaandika uzito?"

"Juu ya kila pakiti."

"Na aliyelima?"

"Ndiyo."

"Sisi tuliandika aliyekutwa nayo tu," akasema. Hakuongeza neno hadi tunapanda basi.

Kutoka kituo cha basi cha Baarle hadi kwangu tunakanyaga Ubelgiji mara mbili. Njiani nilimwonyesha: kama ningekuwa nimenunua zile gramu 5 zinazovumiliwa Breda, hapa kwenye msalaba huu ningekuwa mtu anayevusha dawa za kulevya kwenda nchi nyingine, pale mbele kwenye msalaba wa pili nimezirudisha, na baada ya duka la viatu nimezivusha tena. Ubelgiji mtu mzima akikutwa na hadi gramu 3 za kwake, kesi yake huwekwa mwisho wa foleni, lakini maduka haivumilii, na kuvusha ni kuvusha. Mjomba alisimama juu ya msalaba, mguu mmoja NL, mwingine B, akaniuliza mfuko wa koti ungekuwa upande gani.

Usiku ule hakuwahi kulala. Nilimsikia jikoni, nikashuka. Alikuwa ameketi mezani, miwani machoni, pakiti ya majani ya chai iko mbele yake.

"Mama, una mizani?"

Ninayo, ndogo, ya kupimia hamira, inasoma hadi nukta moja ya gramu. Nikaileta. Akaweka sahani ya kikombe juu yake, nikamwonyesha kitufe cha kurudisha sifuri. Akachota kijiko cha kwanza: 1.9. Cha pili: 3.9. Cha tatu alikimimina kidogokidogo, akikigonga kwa kidole, hadi ikasoma 5.0. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akainama hadi pua ikakaribia sahani. Kilikuwa kichuguu kidogo cha majani meusi. Hakikufunika hata ua lililochorwa katikati ya sahani.

"Ndizo hizi gramu tano?"

"Ndizo, mjomba."

Akaanza kupunguza kwa ncha za vidole, chembe kwa chembe, anarudisha kwenye pakiti. 4.6. 4.1. 3.7. Ilipofika 3.4 akaondoa mkono.

"Kielelezo P1," akasema. "Ripoti ya Mkemia Mkuu ilisema tatu nukta nne. Niliinakili mimi kwenye jalada."

Kwa miaka 21 sikuwahi kuisikia namba ile. Nadhani baba hakuwahi kuisikia. Tulikaa tukaitazama sahani, mjomba upande wake na mimi upande wangu, hadi mizani ikajizima yenyewe.

Nikabandika maji. Yalipochemka mjomba akanyanyuka, akaishika sahani kwa mikono miwili, akayamimina yale majani yote ndani ya birika, na alipoona chembe moja imebaki akaiokota kwa kidole akaitia nayo.